Nimepewa kusoma wasifu wa babu siku ya kuweka msalaba, je ni vibaya watu wakicheka?

Mjukuu wa Chamwino

Wakuu habari za jioni, na mbukwenyi kwa wale wa nyumbani.

Naombeni ushauri maana zimebaki siku kumi na moja. Babu yetu mzaa baba alifariki mwaka jana mwezi wa nane, tukamzika hukohuko kijijini upande wa Mvumi, sasa ukoo umepanga ibada ya kuweka msalaba na mimi ndo nimepewa kusoma wasifu wake. Baba mkubwa ameshauandika, kanitumia kwenye WhatsApp, ukurasa mmoja. Marehemu alizaliwa mwaka 1936, akabatizwa, akafunga ndoa, alikua mkulima na mfugaji, kajaliwa watoto tisa na wajukuu na vitukuu, aliugua muda mfupi, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Basi.

Nimeusoma mara tano na kila nikimaliza najiuliza babu yuko wapi humu. Huyo aliyeandikwa anaweza kua mzee yeyote wa Ugogo.

Hata huo mwaka 1936 wenyewe ni wa kwenye cheti. Yeye ukimuuliza umri anakwambia "mimi nimezaliwa mwaka wa njaa" halafu anakutazama tu mpaka mwenyewe ukumbuke kwamba huku kwetu miaka ya njaa haihesabiki. Baba yake alikua kijana mdogo kipindi cha Mtunya, ile njaa kubwa iliyokuja na vita ya Wajerumani na Waingereza, majeshi yakabeba ng'ombe na nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, mvua nayo ikagoma, watu wakaisha. Babu kalelewa na mtu aliyeyaona hayo kwa macho na mimi naamini ndo maana chakula kwake ilikua sherehe. Ugali wa uwele na mlenda, hakuna kingine, lakini akiuona unatoka jikoni anasimama, anavua kofia, anasema "karibu mgeni wetu, tulikua tunakusubiri wewe tu." Anaukaribisha ugali! Sisi watoto tunacheka mpaka bibi anatuonyesha mwiko.

Halafu kulikua na baraza la mawaziri. Babu alikua anasema mwaka 1973 serikali ilipotangaza makao makuu yanahamia Dodoma, yeye alijua zamu yake imefika, kwa hiyo kila mjukuu aliyekua likizo pale nyumbani anapewa wizara. Mimi nilikua Waziri wa Maji kwa sababu ndo nilikua natumwa korongoni kufukua mchanga tupate maji ya kunywa, wanaotoka huku wanajua, kiangazi unachimba kwenye mchanga mpaka mkono unaishia begani ndo maji yanaanza kujikusanya taratibu. Dada yangu alikua Mifugo. Mdogo kuliko wote alikua hajui hata kufunga vifungo vya shati, huyo akawa Waziri Asiye na Wizara Maalum, na alikua anakaa kwenye mapaja ya babu kikao chote. Binamu yetu mmoja alivunja mtungi akashushwa kua naibu, alilia usiku mzima, asubuhi akaamka akakuta kipande cha boksi kimeandikwa kwa mkaa kwamba mheshimiwa rais amemrejesha kwenye nafasi yake kuanzia leo saa moja asubuhi. Binamu sasa hivi ni baba wa watoto watatu na kile kipande cha boksi anacho mpaka leo.

Lakini kikubwa kuliko vyote ilikua taarifa ya habari. Babu alikua na redio yake ndogo, saa mbili usiku lazima asikilize RTD, na betri zikianza kuchoka tunapanda juu ya tembe kuzianika juani, zinarudi nguvu kidogo siku mbili tatu, halafu zinakufa moja kwa moja. Zikifa, babu anachukua debe, analiweka katikati ya miguu analipiga kama ile ngoma ya taarifa ya habari, anakohoa, anabadilisha sauti. "Ifuatayo ni taarifa ya habari kutoka hapahapa nyumbani. Kwanza muhtasari wake." Anasoma kwenye kiganja cha mkono kama kuna karatasi! "Beberu asiyejulikana ni wa nani ameingia shamba la jirani na kula mtama, jirani amelaani vikali kitendo hicho. Mama yenu mdogo amerudi kutoka mnadani na viatu vipya, bei yake bado haijatangazwa. Mlenda wa leo ulikua na chumvi ya kutosha, wananchi wameshangilia." Hali ya hewa kila siku ni hiyohiyo, kesho jua. Halafu anamaliza "na huo ndio mwisho wa taarifa ya habari, nendeni mkalale." Ukiisikia hiyo hata kama una stori ya moto unanyamaza unaenda kulala.

Sasa mimi nataka hivi vitu viwemo. Nimemgusia baba mkubwa akasema tuone. Shangazi mkubwa ndo kakataa kabisa, anasema mchungaji atakuwepo, mwenyekiti wa kijiji atakuwepo, kuna wageni wa mjini, na makaburini hapafai vichekesho. Akasema "usimfanye baba yangu kituko mbele za watu." Hiyo sentensi imenikaa moyoni wakuu, maana shangazi ndiye aliyemuuguza babu miezi yote ile, anamgeuza kitandani, anamlisha uji kwa kijiko. Siwezi kumbishia kirahisi.

Waliowahi kusoma wasifu wa babu au bibi mlifanyaje? Na kama babu yako alikua mtu wa furaha hebu niambie alikua anafanya nini, mlimkumbuka vipi.

Binti wa Kongwa

Pole sana kaka. Nimesoma hiyo ya kuukaribisha ugali nikamsomea na mume wangu.

Mimi babu yangu mzaa mama nilimsomea mimi, 2009. Yeye ujanani alikua kibarua kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza hapa Kongwa, ule ulioanza 1947 wakaja na mitambo mpaka vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, 1951 wakauacha. Sisi shuleni tulifundishwa kwamba mradi ulishindwa sababu ya mvua chache na udongo mgumu, na ni kweli, mtu aliyelima Kongwa anajua kiangazi ile ardhi inakauka inakua kama imesakafiwa, karanga ziko chini na jembe linaruka juu. Lakini babu alikua hatusimulii hivyo. Babu alikua anatuchezea.

Anachagua mjukuu mmoja anamwambia simama hapo, wewe ni mbuyu. Yeye ni trekta. Anarudi nyuma kama hatua kumi, anaanza kunguruma, mzee mzima mwenye mvi, mashavu yanatetemeka, anakuja anakuegemea na bega. Mbuyu unatakiwa usicheke wala usisogee. Anasukuma, anasukuma, anatoa moshi kwa mdomo, halafu ghafla anapiga kelele "nyuki! nyuki!" maana alisema kwenye mibuyu mingine kulikua na nyuki, ukiugonga wanashuka wote juu ya dereva, anaanza kujipiga kichwani anakimbia anazunguka nyumba mara moja anakuja kuanguka chini ya mkwaju. "Trekta limekufa, lirudisheni Uingereza!" Na mbuyu umesimama palepale. Tulikua tunagombania kua mbuyu mpaka tunapigana.

Sasa siku ya msiba niliposimama niliogopa kama wewe. Nilianza na kazi zake kama kawaida, nikafika pale "mwaka 1949 aliajiriwa kama kibarua katika mradi wa karanga" nikasimama kidogo nikasema, na waliokuwepo nyumbani kwake jioni wanajua huo mradi ulikua unaishaje. Hapo tu, sijasema chochote, watu wazima nyuma wakaanza kucheka na kulia pamoja, mjomba wangu mmoja akajisimamisha wima kama mbuyu, mikono ameibana. Sikuhitaji kuigiza.

Kwa hiyo ushauri wangu, chukua kimoja au viwili ukieleze vizuri, usipange vituko ishirini mfululizo watu wakachoka. Na usiseme "sasa nataka niwachekeshe". Sema alivyokua anafanya, basi.

Mtoto wa Katekista

Natofautiana kidogo na naomba nisieleweke vibaya. Shangazi yako asikilizwe.

Niliwahi kuhudhuria ibada kama hiyo, sitataja wapi, mjukuu akasimama na maiki akaanza habari za babu na ujimbi, ile pombe ya kienyeji, mara alilala njiani, mara alirudi na kiatu kimoja, vijana wanacheka sana, mimi nikamwangalia bibi yao. Alikua anakunja na kukunjua ncha ya kitenge chake, amekunja amekunjua, mwisho akainuka akaingia ndani na hakutoka tena mpaka watu wanaondoka. Kile walichokua wanakicheka yeye ndo alikua amekiishi.

Ya kwako haijafika huko, taarifa ya habari ni kitu kizuri. Ila pima kila sentensi kwa masikio ya bibi.

Mjukuu wa Chamwino

@Mtoto wa Katekista asante sana, hapo kwenye kitenge nimepaelewa. Bibi yupo, ana nguvu kidogo, anasikia vizuri ila miguu ndo shida. Kwa kweli sikuwahi kumuuliza yeye anataka nini, nilikua nazungumza na baba mkubwa na shangazi tu. Nimejisikia vibaya.

@Binti wa Kongwa kwetu babu hakufika Kongwa lakini alipitia Operesheni Dodoma, mwaka 1971 watu wakatolewa kwenye makazi yao ya zamani wakapelekwa vijiji vya ujamaa. Lori limekuja kubeba mizigo, kila familia inapakia mahindi, vyungu, vitanda, babu kapakia zeze lake kwanza halafu akapanda akakaa nalo juu kabisa anapiga mpaka walikofika. Bibi akisimulia hiyo hua anasema alitamani kulitupa porini lile zeze maana ungo wake mzuri ulisahaulika kule.

Simba wa Bahi

Betri juu ya paa aisee!! Na sisi. Ukizishusha zina moto unazishika na majani. Nimekumbuka mbali sana, mzee wangu wa redio naye ametangulia mwaka juzi. Apumzike babu.

Mrangi wa Kolo

Poleni wafiwa. Sisi Kondoa waislamu hatuna huo utaratibu wa wasifu kaburini, mtu akishazikwa ni dua, halafu siku ya khitma watu wanasoma, wanakula, wanaondoka. Lakini usiku, wageni wakishapungua, ndo ukoo wenyewe unakaa kwenye mikeka na hapo sasa marehemu anarudi. Babu yetu tulimsimulia mpaka alfajiri, kila mtu ana kipande chake.

Mimi changu ilikua michoro. Kijiji chetu ni jirani na ile michoro ya miambani ya Kolo ambayo UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, nyinyi mnaiona kwenye vipeperushi, sisi tulikua tunachungia mbuzi hukohuko. Kama hujaiona, kuna watu wamechorwa kwa rangi nyekundu, warefu wembamba kama fito, vichwa vimevimba kama wamefunga nywele. Babu alikua anatupeleka, anatusimamisha pale chini ya jabali, anavua kobazi na kuwaamkia. Kweli kabisa, anaamkia ukuta, anasubiri ajibiwe, anatingisha kichwa kama kajibiwa. Halafu anatutambulisha mmojammoja, "huyu hapa ni mtoto wa fulani, msimtazame hivyo, ameshaanza shule." Na wao anawatambulisha kwetu, yule mrefu kuliko wote alimwita shemeji, anasema shemeji alirefuka hivyo kwa sababu alikua anarina asali peke yake na hagawi.

Nilikuja kwenda na wageni nikiwa mtu mzima, tuko na mwongozaji anaeleza vizuri mambo ya wawindaji wa kale na rangi zilivyotengenezwa, mimi nikajikuta nimevua viatu. Sikua nimepanga.

Kwa hiyo kama shangazi anabaki na msimamo wake, msimlazimishe. Ibadani soma wa baba mkubwa, usiku kaeni na debe lenu.

Mzee wa Reli

Wajukuu zangu, nimewasoma wote kimyakimya tangu jana. Mimi nina miaka sabini na moja, nipo Manyoni, nilifanya kazi relwe mpaka kustaafu. Mwanangu ndo ameniwekea hii kwenye simu, mtanisamehe nikikosea kuandika.

Naona hamjagusa jambo moja ambalo kwetu sisi ndo lenyewe. Wewe mjukuu na shangazi yako hamna haki sawa kwa huyo marehemu. Shangazi ni mtoto. Mtoto hamtanii baba yake, akiwa hai wala akiwa amekufa, ni aibu, ndo tulivyolelewa na yeye amelelewa hivyo. Lakini babu na mjukuu ni watani. Babu anamwita mjukuu wa kike mke wangu, wa kiume anamwambia wewe unataka kunichukulia mke, hiyo hakuna asiyeijua, na mjukuu anarudisha. Kwa hiyo shangazi akikataa hajakosea, anasema yanayomhusu yeye kama mtoto. Na wewe ukitaka kutania hujakosea, unasema yanayokuhusu. Shida inakuja mkitaka mmoja aseme kwa niaba ya mwingine.

Baba yangu mzazi tulipomzika, shimo limekwisha chimbwa, mwili unatoka ndani, tukamkuta mtani wetu Mnyamwezi amelala kaburini chali, amefunga macho, ameweka mikono kifuani. Anasema hapa pamepata mwenyewe, huyo Mgogo wenu akatafute pengine. Nilikua nalia sioni mbele, na nikacheka. Hakutoka mpaka tumempa kuku na hela kidogo. Mama yangu alicheka pia. Mchungaji alisimama pembeni na Biblia yake akamsubiri mtani amalize, maana naye ni mwenyeji, anajua.

Nikushauri hivi. Nenda kijijini mapema, usiende siku hiyohiyo. Mkute bibi yako peke yake, jioni, usimuulize kama anaruhusu, mfanyie tu kama babu yako alivyokua anafanya. Ukimwona uso wake utajua. Kisha mwambie shangazi kwamba wasifu ni wa watoto, utasomwa wote kama ulivyo, na baada ya hapo wajukuu watasema la kwao kama watani. Mkitenganisha hivyo sidhani kama atakataa.

Mimi wangu najua wataniigiza nikitangaza vituo, maana hapa nyumbani wakija nawapanga kwenye viti kama behewa, napiga filimbi, Saranda, Saranda, shukeni mnunue kuku, na lazima washuke wanunue kwa mke wangu jikoni.

Dada wa Area C

Mzee wa Reli shikamoo, hiyo ya mtoto na mjukuu imeniingia sana, imenisaidia hata mimi kuelewa ugomvi wetu wa mwaka jana na mama yangu.

Mleta uzi naomba kuuliza, mna sauti yake popote? Video, ujumbe wa sauti, chochote. Sisi ya bibi ilikua kwenye simu ya kaka, simu ikaibiwa stendi, hatuna tena hata sekunde moja. Kama ipo mtumiane leo, kila mtu awe nayo, usisubiri.

Mjukuu wa Chamwino

Shikamoo babu @Mzee wa Reli. Umenifungua macho, naenda Alhamisi.

@Dada wa Area C ipo klipu moja kwa binamu, sekunde arobaini hivi, anapiga zeze amekaa kwenye kigoda nje ya tembe. Zeze lake la nyuzi mbili, kibuyu amekiegemeza tumboni, upote anausugua utomvu kwanza halafu ndo anaanza. Kwenye hiyo klipu mwishoni anaacha kupiga anamuuliza binamu "hicho kisimu kinanisikia au kinanitazama tu?" Nimeshamwambia atutumie wote.

Mjukuu wa Chamwino

Wakuu nimerudi mjini jana usiku, naona niwape mrejesho maana mmenibeba sana.

Nilifika Alhamisi kama saa kumi jioni. Bibi alikua nje amekaa kwenye mkeka, ungo mapajani, anapepeta uwele wa wageni. Nikamwamkia, nikakaa, tukaongea habari za njiani, za mke wangu, za mvua. Nikamsomea kwanza ukurasa wa baba mkubwa. Akasikiliza mpaka mwisho akasema "sawa, ameandika vizuri", akaendelea kupepeta.

Nikanyanyuka nikaenda nyuma ya jiko nikapata debe la zamani, limeoza upande mmoja. Nikaja nikakaa kwenye kigoda cha babu, nikaliweka katikati ya miguu, nikapiga. Ule ungo ukasimama hewani. Nikakohoa, nikasema ifuatayo ni taarifa ya habari kutoka hapahapa nyumbani, kwanza muhtasari wake. Bibi akaweka ungo chini taratibu, akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yanatikisika na sikujua ni kilio au kicheko mpaka nilipofika kwenye beberu asiyejulikana ni wa nani, hapo akaachia. Alicheka bibi jamani. Alicheka mpaka akashika mbavu, machozi yanashuka kwenye ile mikunjo ya mashavu, kuku wakakimbia.

Akishajifuta akaniambia kitu ambacho hakuna mjukuu alikua anakijua. Anasema "yule beberu alikua wetu." Nikamwambia bibi, babu alisema hajulikani. Akasema "alikua wetu, na mimi ndiye niliyeacha zizi wazi. Nilikua na mimba ya baba yako mdogo wa mwisho, nilikua nimechoka, nikalala mchana. Babu yako alienda kwa jirani usiku akalipa debe mbili za mtama. Hakuniuliza hata siku moja. Akaja akapiga debe lake akasema asiyejulikana." Na hiyo habari kumbe aliendelea kuitangaza miaka na miaka, mpaka sisi wajukuu tukazaliwa tukaikuta, sisi tunacheka na bibi kule jikoni peke yake anaelewa.

Nilikaa kimya muda mrefu. Giza likaingia tuko pale pale.

Shangazi alikua ndani, kumbe anasikia yote. Alitoka na taa akaiweka katikati yetu, hakusema kitu. Asubuhi ananipa chai ndo akaniambia, soma wa kaka kwanza wote, usiruke hata neno, halafu mkishamaliza ibada ninyi wajukuu fanyeni yenu. Babu @Mzee wa Reli, ni kama alikua amesoma ulichoandika.

Jumamosi ikawa hivyo. Wasifu niliusoma wote, mwaka 1936 na yote. Mchungaji akabariki msalaba, akamaliza, akavua joho akakunja mkononi lakini hakuondoka. Tukaitana wajukuu, tulikua ishirini na nne waliofika, yule Waziri Asiye na Wizara Maalum sasa hivi ni mwalimu wa sekondari, mrefu kuliko wote, yeye ndo alibeba debe. Binamu alikuja na kipande chake cha boksi kwenye bahasha. Nikatangaza. Habari ya beberu nimeisoma vilevile babu alivyokua anaisoma, asiyejulikana ni wa nani, wazee wakacheka, mwenyekiti akacheka, bibi kwenye kiti chake akanitazama tu. Ya bibi mimi nayaandika hapa ambapo hamtujui, kule sikumwambia mtu na yeye mwenyewe ndo kaniruhusu kuwaambia "hao waliokushauri."

Mwisho pale sauti ilinikatikia. Nimefika "na huo ndio mwisho wa taarifa ya habari" sikuweza kumalizia, koo limefunga kabisa. Kimya. Nikamsikia shangazi nyuma yangu, sauti ndogo, "nendeni mkalale."

Basi tukaenda kula.

Zeze lipo, limekatika waya mmoja, anayemjua fundi wa kuaminika hapa Dodoma anitumie ujumbe. Klipu nitaiweka kesho nikinunua bando.